Saruji Hunywa Maji Mara Moja Tu

Mwanangu Mbonea,

Salamu sitaziandika, kwa kuwa kesho asubuhi utaniamkia nami nitakuitikia, na hakuna karatasi iwezayo kufanya kazi hiyo vizuri kuliko sauti. Sasa ni alasiri. Umekwenda Vudee kuwaaga wajomba zako, na sanduku lako liko wazi kitandani, blanketi chini, mashati juu. Nimeona ni afadhali niandike wakati huu ambapo hupo, maana nikikutazama usoni nitaanza kukuuliza kama umepata soksi.

Habari za soksi, za kusali, za kuchagua marafiki, sizigusi. Bibi yako ameyasema hayo tangu Jumapili kwa ufasaha ambao mimi sijajaliwa. Nataka kukuandikia juu ya kazi unayokwenda kujifunza, na juu ya mlango wa nyumba ya baba yako mkubwa, kwa sababu kwangu mimi mambo hayo mawili hayatengani.

Ulipokubaliwa katika shule ya ufundi kusomea uashi, watu walipanda hapa kunipongeza. Mmoja wao alisema, “Damu haipotei, Mwalimu. Wewe ndiwe uliyetujengea ndiva.” Nilimpakulia makande, akala, akashukuru, akaenda zake. Mimi nilibaki nimekaa na mdomo mchungu kama niliyelamba shubiri. Wananisifu kwa ndiva ile kila masika yanapopita na ukuta wa bwawa ukabaki wima, na kila wanaponisifu mimi humwona baba yako.

Alikufa ukiwa na miaka sita. Uliambiwa kwamba ni mvua. Hukudanganywa, Mbonea, mvua ilikuwapo. Lakini kesho baba yako mkubwa Zefania atakusindikiza hadi stesheni ya Same, na mtashuka mlima pamoja nusu ya siku nzima, na utakapopanda gari na kuifungua barua hii nataka uwe unajua yote ninayoyajua mimi. Si mengi kama nilivyodhani zamani.

Nianze na ndiva. Wewe umeikuta ikiwa ya mawe na saruji, nawe uliogelea ndani yake huku wazee wakikutishia fimbo. Kabla ya hapo ilikuwa bwawa la udongo tu, kama ndiva zote za ukoo huku milimani: maji ya kijito hukusanyika usiku kucha, alfajiri mtu mwenye zamu huzibua, nayo hushuka kwa mifereji hadi kwenye mahindi na maharage. Kila masika ukuta wa udongo ulibomoka, na kila kiangazi pembe ya msaragambo ililia, watu wote wakatoka kwa kazi ya pamoja, wakauziba. Mwaka niliorudi kutoka chuo kikuu, huko Uganda ng'ambo ya ziwa, wazee waliamua kuujenga kwa mawe. Ulikuwa na miaka mitano, na ulinikimbia ukajificha nyuma ya bibi yako kwa sababu hukunijua. Nilijua sayansi yote ya chokaa na mwanangu hanijui. Nalisema hili ili ufahamu nilikuwa mtu wa namna gani mwaka ule: mtu aliyehitaji sana kuonekana kwamba hakupoteza miaka yake bure.

Wazee walinipa kazi ya kukagua vifaa. Sikuiomba, lakini nilipopewa niliipokea kwa mikono miwili.

Unajua desturi ya msaragambo, ila labda hujawahi kuifikiria. Kila nyumba huleta mzigo wake, jiwe au mchanga au mti, na kila mzigo ukishatuliwa huwa wa wote. Mzigo wa msaragambo haurudi nyumbani. Anayerudishiwa mzigo wake ni kama aliyeambiwa kwamba maji yatakapofunguliwa, mfereji wake utarukwa. Kwa udongo, desturi hiyo haikuwa na madhara. Udongo mbaya ukichanganyika na mwema, mvua ikaubomoa, watu hurudi wakauziba. Kwa saruji ni jambo jingine, na hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuliwaza, kwa kuwa hakukuwa na sababu.

Nilianza vizuri. Mawe niliyagonga kwa nyundo, moja moja: jiwe zima hulia kama kengele, jiwe lenye ufa hulia kama mtungi uliovunjika, nawe utajifunza kuzitambua sauti hizo hata ukiwa umefumba macho. Mchanga niliufikicha kwa viganja vilivyolowa, kwa kuwa mchanga wenye udongo huacha matope mkononi na mchanga safi huanguka wote. Wengine walileta mchanga mweupe wa kupendeza kutoka tambarare, nikauonja kwa ncha ya ulimi, nikakuta magadi, nikaukataa. Palikuwa na mjane mmoja aliyeleta kikapu cha mchanga uliokuwa nusu yake ni udongo. Nilimshukuru, nikamwambia, “Mama, huu ndio nilioutafuta kwa njia ya kupitia wachukuzi, watu wasiteleze.” Tukaumwaga njiani, wote tukaukanyaga, naye alifanya kazi mchana kutwa akiimba. Kwa hiyo usidhani kwamba sikujua namna ya kufanya. Nilijua.

Siku ya saruji ilipofika, watu wote walikuwa pale. Baba yako mkubwa wakati ule alikuwa kibarua wa reli huko Same, na fundi mmoja wa mjini alikuwa amempa mifuko iliyobaki katika kazi yake. Zefania aliiweka chini ya kitanda chake, juu ya sakafu ya udongo, akailinda masika mazima kama mtu anayelinda mahari. Kisha akaipandisha mlimani, mfuko baada ya mfuko, kichwani. Wa mwisho aliubeba baba yako, kwa kuwa ndugu hamwachi ndugu yake na mzigo.

Sasa nikueleze kitu ambacho walimu wako watakueleza vizuri zaidi. Saruji si udongo. Udongo hulowa ukakauka, ukalowa tena, nao hubaki udongo mpaka mwisho wa dunia. Saruji hunywa maji mara moja tu katika maisha yake, na kinywaji hicho ndicho kinachoigeuza jiwe. Ikikaa chini ya kitanda, juu ya sakafu inayotoa jasho, huyanywa polepole ndani ya mfuko uliofungwa, ikaganda bila kujenga kitu. Unaweza kuyatwanga mabonge yake kwenye kinu na kuyachekecha yakarudi kuwa unga, wala macho hayataona tofauti. Tia mkono: saruji hai ni baridi na laini, hupita kati ya vidole kama maji. Bonge linalovunjika kwa kidole gumba si neno. Bonge linalohitaji jiwe ili livunjike, mfuko ule umekwisha, nawe utautambua hata ukishatwangwa, maana una chenga kama za unga wa mahindi uliosagwa vibaya.

Zefania alitua mfuko wake mbele yangu. Alikuwa na jasho hadi kwenye nyusi, naye alikuwa mtu wa mzaha, kama ulivyosikia.

“Shemeji,” akasema kwa sauti ya kusikiwa na watu wote, “simenti hiyo. Isome basi, wewe uliyekwenda kusoma hadi watoto wakakusahau.”

Watu wakacheka. Nikatia mkono mfukoni.

“Imekufa,” nikasema.

“Imekufa? Nani kaiua? Mimi mwenyewe nimelala juu yake masika yote!”

“Ndiyo maana.”

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, na hiki kilikuwa juu yake. Wanawake walipiga makofi. Mbonea, nilifurahi. Nimeyapima maneno yangu mengi ya siku ile, na kwa mengine nina shaka kama niliyasema hivi au vile, lakini furaha ile sina shaka nayo. Niliihisi kifuani kama mtu aliyelipwa haki yake.

Mzee aliyesimamia kazi alijaribu kuokoa mambo. “Mwalimu, je, tukiichanganya kidogo kidogo na ile njema tuliyoinunua kwa mchango?”

“Ukichanganya maziwa yaliyochacha na maziwa mazima, mzee, unapata nini?”

“Mtindi,” akajibu, na watu wakaangua kicheko tena, safari hii kwa upole, kama watu wanaoomba jambo liishe.

Ningeweza kucheka pamoja nao. Nikasema, “Kwa saruji hakuna mtindi,” nikautaka mfuko wa pili, na wa tatu, nikatia mkono katika yote, hadi ule aliokuja nao baba yako. Yote ilikuwa imekufa. Nilisema kweli tupu mbele ya kijiji kizima.

Zefania hakuwa na mzaha tena. “Mzigo wa msaragambo haurudi nyumbani,” akasema polepole.

“Huu utarudi,” nikajibu.

Baba yako aliinama, akauinua mfuko aliokuwa ameutua, akaurudisha kichwani pake, akamfuata kaka yake. Aliniambia usiku ule neno moja tu: “Ulikuwa na haki. Lakini mifuko ile inakwenda wapi?” Nami nilidhani ananiuliza swali la kijinga.

Hilo ndilo swali ninalotaka ulichukue uende nalo. Katika shule yako watakufundisha kukataa kitu kibovu, na ni lazima ujifunze. Sijui kama kuna atakayekufundisha kufuata kwa macho kitu ulichokikataa. Hakiyeyuki. Jiwe lenye ufa, nondo iliyoliwa na kutu, saruji iliyokufa, ukizifukuza penye msimamizi, zinakwenda kutafuta pasipo na msimamizi, na mara nyingi hapo ndipo watu wanapolala.

Kabla sijaufikia mlango ule, nikuandikie juu ya miguu ya bibi yako, kwa kuwa makovu yake umeyaona tangu utotoni, naye husema ni baridi. Si baridi. Jioni ya siku ile ile, saruji njema ilipoanza kuchanganywa, wanawake walivua viatu, waliokuwa navyo, wakaingia kuikanyaga kwa miguu, kama tunavyokanyaga udongo wa kukandikia nyumba. Walikuwa wakiimba. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta nikiuhesabia haki ushindi wangu, nikiwaeleza vijana mambo ya saruji hai na saruji mfu. Niliwasikia wakiimba na sikugeuza kichwa. Rojo la saruji halichomi papo hapo kama moto, nawe usingoje lichome. Hula ngozi kimyakimya, na anayelikanyaga huhisi joto zuri tu, hasa jioni yenye baridi. Usiku ndipo bibi yako alipoanza kulia. Maji mengi, mapema, ndiyo dawa yake, nasi hatukuyatumia mapema. Changanya kwa koleo, Mbonea. Paka mafuta mikononi kabla ya kazi, nawa kila unapopumzika, na chokaa inapozimwa kwa maji simama mbali, uyalinde macho. Watakucheka, watasema mikono yako ni ya karani. Waache. Mimi nilikuwa na macho ya kuona chenga ndani ya mfuko, lakini sikuwa na macho ya kuona mama mkwe wangu amesimama ndani ya kitu kinachomla.

Ndiva ilijengwa, nayo ni imara. Kila mtu aliyeona yaliyompata Zefania alikwenda akauosha mchanga wake mara mbili kabla ya kuuleta. Hakuna aliyetaka kuwa wa pili. Walitia maji kwa kipimo, wakaufunika ukuta kwa majani ya migomba, wakaunyunyizia asubuhi na jioni bila mtu kuwakumbusha, maana saruji ikikaushwa na jua kabla ya wakati wake hubaki na kiu na kupasuka. Nimekwisha kuwaza mara nyingi kwamba ukuta ule una vifaa vinne: mawe, mchanga, saruji, na aibu ya baba yako mkubwa. Sijui kama ungesimama bila hicho cha nne. Hapo ndipo hukumu yangu inaponishinda. Kama ningemnong'oneza pembeni, kama nilivyomsitiri yule mjane, na kumwambia, “Shemeji, tuitumie hii kusawazisha uwanja wa kuanikia kahawa,” maana hata saruji iliyokufa hujaza shimo, huenda watu wengine wasingeogopa, na ndiva ingebomoka ikawafunika watoto walio chini ya mfereji. Huenda. Au huenda wangeosha mchanga wao kwa sababu nyingine iliyo njema zaidi. Nimefundisha sayansi miaka hii yote, na jaribio hili siwezi kulirudia.

Sasa mlango.

Mtu wa mahali pengine angeimwaga ile mifuko bondeni. Zefania hakuweza. Kuimwaga kungekuwa kukiri mbele ya kijiji kwamba aliwaletea watu uchafu, na kuiweka ndani kungekuwa hivyo hivyo. Njia moja tu ilibaki: kujenga nayo, mahali pa kuonekana na watu. Alianza kujenga chumba cha mbele cha nyumba yake, kando ya njia iendayo kanisani, na juu ya mlango akamimina linta, ule mhimili wa zege unaobeba ukuta wa juu. Badala ya nondo alitia nyaya za uzio. Baba yako alimsaidia kumimina. Nilimkataza, naye akaniambia kwa upole, “Nilimbebea mzigo kwenda na nikambebea kurudi. Nitamwacha hapa?”

Mbao za chini ya linta alizitoa Jumapili, watu wakitoka ibadani, makusudi. Linta ikabaki juu. Watu wakashangilia, na wengine wakanitazama.

“Shemeji!” Zefania aliniita kutoka mlangoni, amesimama chini yake, mikono kiunoni. “Linta yangu haijasoma kitabu chako bado!”

Ikabaki juu wiki baada ya wiki. Kila nilipopita alikuwa na neno. “Shemeji, maiti yangu imeamka salama.” Au, “Shemeji, pita ndani basi, au mpaka nikuletee cheti?” Watu walicheka nami nikatabasamu, na moyoni, Mungu anisamehe, kila asubuhi nilitazama kule nikitaka kuona ufa. Sikutaka mtu aumie. Nilitaka ufa tu.

Kisha nikamwambia baba yako, mbele ya bibi yako na mbele ya kijana wa jirani aliyekuja kuomba moto: “Usisimame katika mlango ule.” Maneno yale yalifika kwa Zefania kabla ya jioni. Tangu hapo mlango ule haukuwa mlango tena. Ulikuwa mahali pa kuonyesha uko upande wa nani. Mtu aliyepita ndani alikuwa wa Zefania, aliyezunguka nyuma alikuwa wangu. Baba yako alipita ndani kila siku, mchana, mbele ya watu, na usiku alilala kwangu. Ndivyo alivyojigawa, na mimi niliona kuwa ni ukaidi.

Masika yalipoanza, mvua ilimkuta njiani akitoka kwenye kahawa. Zefania alikuwa ndani. Anasema alimwita, “Ingia, unalowa,” na baba yako akasimama mlangoni, akijikung'uta maji, akicheka kitu fulani. Kitu gani, Zefania hakumbuki, au hataki kusema. Linta ilishuka pamoja na ukuta wa juu. Majirani walisikia kishindo wakadhani ni radi.

Msibani kila mtu alisema mvua. Mchungaji alisema mvua. Zefania hakusema kitu, naye hajasema tangu siku ile, wala hajajenga tena. Umeuona mwenyewe ukuta ule wenye pengo juu, maboga yametambaa mpaka ndani. Mimi nilijua, au nilidhani najua, kwamba ni saruji. Lakini nilipokwenda kutazama baada ya maziko, niliona msingi nao ulikuwa umeliwa na maji upande mmoja, na udongo ulikuwa umeteleza. Msingi ule ungeweza kuuangusha ukuta wa saruji iliyo hai. Kwa hiyo sijui. Miaka yote hii nimetamani iwe ni saruji, ili niwe nilisema kweli, na nimetamani iwe ni mvua, ili nisiwe niliyeituma saruji ile kwenye mlango ule. Mtu hawezi kutamani yote mawili akabaki mzima.

Nilikuwa nimefika hapa katika kuandika, Mbonea, hodi ikapigwa. Alikuwa baba yako mkubwa. Nakuandikia ilivyokuwa.

Hakukaa. Alilitazama sanduku lako kitandani, akalinyanyua upande mmoja kwa mkono, kulipima.

“Nitalibeba mimi kesho,” akasema.

“Lina uzito, shemeji. Kijana ana nguvu zake.”

“Uzito wa vitu vya nyumba hii naujua.” Kisha akaziona karatasi. “Unamwandikia?”

“Namwandikia.”

“Habari za mlango?”

Nikasema, “Ndiyo.”

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeulizwa njia akakumbuka ni ipi. Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kitu kilichofungwa kwa jani la mgomba lililokauka, akakiweka mezani, juu ya barua hii hii. Alikiweka taratibu sana.

“Kipande cha linta,” akasema. “Nilikichukua siku ile ile. Kila mara nasema nitakitupa.”

“Unataka nikifanyie nini?”

“Wewe? Usikifanyie kitu.” Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule nikaona kidogo ule uso wake wa mzaha, ukiwa umechakaa. “Wewe ulishakisoma. Mtilie mtoto sandukuni aende nacho. Huko shuleni aendako watakuwa na mashine za kupimia. Akaulize kama ni simenti au ni mvua.”

“Na akishajua?”

“Nitakuwa mzee, shemeji. Nitake nisitake nitakuwa mzee. Nataka niwe mzee ninayejua.”

Akaenda zake. Alipofika uani nikamsikia akimwamkia bibi yako, na bibi akimuuliza mbona hali chakula, naye akajibu kwamba ameshiba maneno.

Kwa hiyo kipande hicho utakikuta chini ya blanketi, upande wa kushoto. Usikionyeshe kwa wenzako kama kitu cha ajabu. Mpelekee mwalimu unayemwamini, umwambie ni zege la zamani kutoka kwenu, aliangalie. Jibu lolote utakalopata, usiliandike kwenye barua, wala usiniambie mimi kwanza. Njoo likizo, umchukue baba yako mkubwa mwende mahali wawili tu, mbali na njia ya kanisani, mbali na masikio yangu, umwambie. Ikiwa ni mvua, mwambie. Ikiwa ni saruji, mwambie pia, lakini kabla hujafungua kinywa uwe umeshafikiri neno lile linakwenda wapi baada ya kutoka kwako. Namna ya kulisema siwezi kukufundisha. Mimi nilijua kulisema kwa mjane, na kwa shemeji yangu nikashindwa.

Utakapoisoma barua hii garini, yeye atakuwa amekwisha kulibeba sanduku hili hadi Same, barua ikiwa ndani na zege likiwa ndani, akijua vyote viwili vimo. Usisikitike kwamba hukumpokea njiani. Mwache abebe.

Unajua kipimo cha zege: bonyeza kwa kidole gumba, lililo hai litakuumiza, lililokufa litaacha unga kwenye ngozi. Ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kipande kilikaa mbele yangu tangu alipoondoka, hadi jua lilipoteremka nyuma ya mlima, na mikono yangu ilikuwa mitupu.

Nimekifunga kwa jani lake lile lile, nimekiweka sandukuni. Sikukibonyeza.

Mama yako